Ukiombwa kuingia katika majaribio ya dawa ya macho
Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Yapo magonjwa ya kurithi yanayouharibu polepole. Mara nyingi mgonjwa huanza kwa kutoona vizuri usiku. Lakini hali hiyo huletwa pia na upungufu wa vitamini A, ambao una tiba. Nenda kwanza ukapimwe kituo cha afya.

Mwaka 2017, baada ya majaribio, Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa aina moja ya magonjwa hayo.

Ukiombwa kushiriki majaribio, kumbuka kuwa huo ni utafiti: huenda usipone. Ueleweshwe madhara yake kwa lugha yako kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Unaweza kukataa, au kujitoa wakati wowote. Asikunyime mtu mgao wa chakula wala matibabu kwa sababu hiyo.