Dawa ya Sumu ya Nyoka na Kazi ya Sukari

Ukiumwa na moma huko mashambani, jambo la kwanza ni kukimbizwa hospitali. Hilo twalijua sote. Lakini je, ukifika na ukute dawa ipo, ila imeharibika kwa sababu stima ilipotea wiki nzima? Si mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakiwa wakulima, wachungaji na watoto wa mashambani, mbali na friji.

Dawa yenyewe haitokani na mitishamba. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo kwa miezi, hadi mwili wake utengeneze kingamwili za kuishika sumu hiyo. Kisha hutolewa damu kiasi, kingamwili zikachujwa na kutiwa chupani. (Farasi hafi, msimlilie.) Mfaransa Albert Calmette alifanya hivyo miaka ya 1890 dhidi ya sumu ya swila, na msingi wa kazi haujabadilika sana.

Sasa, kingamwili ni protini, na protini ni kitu dhaifu. Tazama ute wa yai: ukiupika unaganda, na hata uupoze namna gani haurudi kuwa ute tena. Kingamwili zilizo ndani ya maji zikipata joto kwa muda mrefu huanza kukunjuka, zikashikamana na kufanya mashapo. Ndiyo maana dawa ya maji hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi, na kwa kawaida hudumu kama miaka 3. Haya, nenda uitafute friji ya namna hiyo kwenye zahanati ya mbali huko Turkana au Baringo!

Basi wataalamu wakaamua kuyatoa maji. Omena akianikwa hukaa miezi bila kuoza, sivyo? Kweli, lakini omena mkavu ukimloweka harudi kuogelea. Dawa hii lazima irudi kufanya kazi, kwa hivyo haianikwi juani. Kwanza hugandishwa kabisa, hata kufikia nyuzi 40 chini ya sufuri. Kisha hewa hunyonywa kutoka ndani ya mtambo hadi karibu isibaki. Katika hali hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza. Kinachobaki chupani ni kitu cheupe, chepesi, kama povu lililokauka. Unyevu ndani yake unatakiwa usizidi asilimia 3 hivi.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. La hasha! Protini zimezoea kuzungukwa na maji. Yakiondoka, umbo lake laweza kuharibika vilevile, na zikisongamana zikiwa kavu huenda zikashikana zisiachane. Hapa ndipo sukari inapoingia. Kabla ya kugandishwa, dawa huchanganywa na sukrosi, ndiyo ile ile ya chai, au sukari nyingine iitwayo trehalosi. Sukari hushika nafasi ya maji kando ya protini. Tena ikikauka kwa njia hii haifanyi chembe kama zile za kwenye kopo la jikoni, bali hufanya kioo. Umewahi kuitazama peremende ngumu inayong'aa? Hicho ni kioo cha sukari. Kingamwili hunaswa ndani yake kama mdudu ndani ya utomvu mkavu: hazisogei, hazikunjuki wala hazikutani.

Lakini peremende ikiachwa wazi kule Mombasa huwaje? Inalainika na kunata. Kioo cha dawa nacho kina maadui hao hao, unyevu na joto. Sukrosi kavu kabisa huanza kulegea ikipita nyuzi 60, na trehalosi huvumilia hadi kupita 100. Sobitoli, ambayo watengenezaji wengine wameitumia, hulegea hata kabla ya kufika joto la kawaida la chumbani. Manitoli nayo ina ujanja wake. Hufanya fuwele, dawa ikasimama wima chupani na kupendeza macho, kumbe fuwele zimejitenga na kuziacha protini peke yake. Usidanganywe na sura!

Dawa iliyokaushwa vyema yaweza kukaa hadi miaka 5 bila friji, mradi joto lisipite kiwango kilichoandikwa kwenye paketi, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Kuiweka dirishani penye jua ni kuiua.

Iko shida moja. Muuguzi lazima aiyeyushe kwanza kwa maji safi ya sindano. Nyingine huyeyuka kwa dakika chache, nyingine hata nusu saa, na huku mguu wa mgonjwa unazidi kuvimba. Haraka hapo haisaidii, kwani ukiitikisa chupa kwa nguvu hutoka povu, na povu huharibu protini. Huzungushwa polepole mkononi hadi dawa iwe maangavu, ndipo ichukuliwe chupa ya pili, maana mgonjwa mmoja huhitaji kadhaa.