Anayejijeruhi Hatafuti Kiki

Kwetu Bongo, mtu akifanya jambo lisiloeleweka utasikia, "Huyo wa Mirembe." Watu wanacheka, yanaisha. Mirembe ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo Dodoma tangu mwaka 1927, lakini midomoni mwetu imegeuka tusi. Chuoni nako tuna neno letu: ikijulikana mwenzetu anajijeruhi mwenyewe, tunasema anatafuta kiki.

Nasoma ualimu, na wengi wetu muda si mrefu tutasimama mbele ya wanafunzi wa sekondari. Mara nyingi tabia hii huanza katika umri huohuo wa balehe. Basi tuone wataalamu wa afya ya akili wanaielewaje.

Kwanza, wanatenganisha kujijeruhi bila nia ya kufa na kujaribu kujiua. Mwaka 2013, DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliitaja hiyo ya kwanza kama hali ya pekee inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Tofauti ni nia. Ila usidhani ya kwanza ni jambo dogo: anayejijeruhi yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake ya kuja kujaribu kujiua.

Pili, wanauliza: kitendo hiki kinamfanyia nini? Wengi hueleza kwamba hisia zimewazidi, na kwa muda mfupi wanapata nafuu. Baadaye inakuja aibu, aibu inaongeza maumivu, na mzunguko unaanza upya. Wengine wanajiadhibu. Wengine wamekufa ganzi moyoni, wanataka angalau wahisi kitu. Na wengi wao wanaficha sana. Sasa kiki gani hiyo inayofichwa?

Tatu, wanatafuta kilichopo nyuma yake. Inaweza kuwa sonona, wasiwasi uliopitiliza, makovu ya ukatili wa utotoni, au tatizo la haiba linalofanya hisia zipande na kushuka kwa kasi. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kusikia sauti zinazomwamuru ajidhuru. Hiyo ni dharura. Mtoto mwenye usonji anayejigonga kichwa pengine anaumwa sehemu, na hana maneno ya kusema. Tena si kila anayejijeruhi ana ugonjwa wa akili. Ndiyo maana anahitaji kupimwa, sio kuhukumiwa.

Na tiba ipo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, alibuni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kustahimili hisia kali bila kujiumiza. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alijijeruhi ujanani mpaka akalazwa. Huyo amekuja kuwa profesa.

Kinachowazuia watu kuitafuta tiba ni aibu, na pia hofu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kujijeruhi bila nia ya kufa ni jambo jingine, lakini familia inayoogopa polisi haikai kuchambua nia, inafunga mlango. Jirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao.

Sisi tufanye nini? Mwite mwenzako au mwanafunzi wako pembeni. Usimkague mbele ya darasa, usimtishie kumwita mzazi, usimhubirie. Msikilize. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, au anasikia sauti, usimwache peke yake: mpeleke hospitali iliyo karibu, na umshirikishe mshauri wa wanafunzi au mtu mzima anayemwamini. Usimwahidi siri itakayohatarisha uhai wake.

Na kama ni wewe unayesoma hapa ukiwa umejifunika mikono mirefu kwenye joto hili, huna kesi ya kujibu. Chagua mtu mmoja tu, umwambie leo. Sentensi moja inatosha: "Naumia, nisindikize hospitali."