"Ni" Moja, Mahusiano Mawili: Kundi na Mwanakundi katika Majina ya Samaki wa Ziwa Viktoria

Mvuvi wa Mwanza asemapo "sangara ni samaki" na kisha "huyu ni sangara", hutumia kitenzi kishirikishi kilekile kueleza mahusiano mawili. Sentensi ya kwanza huliweka kundi ndani ya kundi kubwa zaidi. Ya pili humweka samaki mmoja, aliyemo mtumbwini, ndani ya kundi lake. Katika ontolojia, yaani taaluma ya kupanga maarifa ili kompyuta iweze kuyatolea hitimisho, mahusiano hayo hayachanganywi. Lugha ya OWL, iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2004, huyapa alama tofauti.

Kiswahili nacho kina kipimo chake, neno "kila". "Kila sangara ni samaki" ni kauli ya kweli. Lakini "sangara ni spishi" haikubali "kila", kwani hakuna sangara yeyote aliye spishi. Hapa sangara kwa ujumla wake ni mwanakundi wa kundi la spishi. Asiyeliona hilo atahitimisha kwamba samaki aliyevuliwa asubuhi ni spishi, na kompyuta, isiyojua haya, itauhifadhi upuuzi huo. OWL 2 ya mwaka 2009 iliruhusu jina moja litumike kwa kundi na kwa mwanakundi, mradi kila matumizi yasomwe peke yake.

Kwa furu, suala hili lina uzito zaidi. Sokoni furu ni samaki wa namna moja. Kwa mwanabiolojia ni mamia ya spishi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipozidi miaka ya 1980, inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Tangu miaka ya 1990 furu wameongezeka tena, ila ni wa spishi chache. Daftari linalopima furu kwa kilo tu litaandika kwamba furu wamerudi. Halitasema uongo kuhusu kundi, lakini litakuwa limewafuta wanakundi.

Mwaka 1985 spishi mojawapo ilipewa jina la Mwalimu Nyerere. Leo huitwa Pundamilia nyererei. Kwa kanuni za wanazuolojia, jina la spishi hufungwa kwa samaki mmoja aliyehifadhiwa kuwa kielelezo. Huyo ni mwanakundi kama wenzake, lakini wataalamu wakiligawa kundi, jina hubaki upande wake. Uhusiano huo wa tatu hauelezwi na "ni" yoyote, nao huhitaji alama yake.