Sale ikifungwa, arusi inahamia kwa mama



Hapa kwetu Bukavu kila hatua ya arusi ina mwenyewe. Mahari yanashikwa na wababa na wajomba. Ndoa ya leta inafanyika kwenye komine, siku na saa zikiwa zimeandikwa. Kanisa lina mpango wake. Soare ya sale ina komite, bajeti, MC, dijei na vijana wa protokole waliovaa nguo za rangi moja.

Lakini mwenye sale akizima taa saa nne ya usiku, arusi haijaisha. Marafiki wa bwana-arusi, mashemeji na wageni waliotoka Uvira na Goma wanafuata gari la maarusi mpaka nyumbani, na muziki unafunguliwa tena. Vijana wanaiita "afta". Karamu hiyo ya pili haina mwenyewe, na katika nyumba zetu kitu kisicho na mwenyewe kinamwangukia mama.

Mnajua inavyokuwa. Mama wa nyumba ameamka saa kumi ya alfajiri kuwasha mbabula, na mchana wote amesimama. Saa sita ya usiku anaombwa supu. Saa saba vinywaji vimeisha, na mtoto anatumwa kwenye depo: "Mwambie mama atalipa kesho." Deni la usiku haliandikwi mahali. Jumatatu komite imekwisha kuvunjwa, waliokunywa wamerudi kwao, na mwenye depo anabisha kwa mama peke yake. Franga anazolipa zilikuwa na kazi nyingine. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini mtoto wa sekondari bado anadaiwa, na sisi walimu tunaona ni nani anarudishwa nyumbani wiki inayofuata.

Sisemi tuifute afta. Katika sale watu wanakaa kwa namba za meza, muziki ni mkubwa, na mtu anaweza kuondoka bila kusalimiana na mkwe wake. Nyumbani ndipo shangazi wa bibi-arusi anakaa mkeka mmoja na mama-mkwe, wanaulizana majina ya watoto, na undugu unaanza. Karamu kama hiyo inastahili kupangwa. Haya ndiyo mambo ya kuandika katika kaye ya komite tangu mkutano wa kwanza.

Mfuko wake. Tuseme komite inatazamia michango ya dola 1000. Tengeni fungu moja katika kumi, yaani dola 100, kabla ya kulipia sale na mapambo. Mkisubiri mabaki, hamtapata mabaki. Kisha hesabuni watu: wakiwa 30 na kila mmoja akipewa chupa mbili, ni chupa 60. Anayetaka zaidi analipa mwenyewe, palepale. Asubuhi hesabuni pia chupa tupu, kwani depo inalipisha kila inayokosekana.

Wenye kuisimamia. Wengi wetu tuko katika AVEC, na tunajua sanduku lina kufuli tatu na wamama watatu wenye funguo. Afta nayo ipate watu watatu: mmoja ashike franga, mmoja vinywaji, mmoja chakula. Mmoja wao awe mwanaume, kwa mfano kaka wa bwana-arusi, kwani aliyelewa na kukataa kutoka anahitaji mwanaume mwenzake wa kumshika mkono. Mama wa nyumba asiwe kati yao. Usiku huo yeye ni mzazi, na wageni wanataka kukaa naye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na sanduku la AVEC lenyewe lisiguswe: mfuko wa kusaidiana ni wa magonjwa na misiba, haulipi vinywaji.

Chakula. Wali na nyama vilivyobaki katika sale vinatiwa ndani ya ndoo, na saa saba ya usiku vinapakuliwa. Je, vilipikwa saa ngapi? Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na kikirudishwa motoni kichemke mpaka ndani. Kwa hiyo ni afadhali kupika kitu kidogo cha moto: supu inayokaa juu ya makala, sambaza za kukaanga, makemba, chai ya tangawizi. Maji na sabuni viwe mlangoni.

Jenereta. Iwekwe nje, mbali na madirisha. Ndani ya moshi wake kuna gazi isiyo na harufu ambayo inaua watu wakiwa usingizini.

Watoto na wasichana. Chumba kimoja kiwe cha wadogo, na dada mkubwa mmoja akae nao. Msichana asitumwe kwenye depo usiku, hata kama ni karibu. Kabla ya kutoka sale, ijulikane kila binti anarudi na nani. Asiye na wa kumrudisha alale kwenye chumba cha shangazi mpaka asubuhi. Kama ni moto, komite itafute mapema motari anayejulikana, na asipewe pombe.

Majirani na saa ya kufunga. Chefu wa avenue na nyumba za karibu waambiwe siku chache mbele, hasa penye mgonjwa au mama aliyezaa juzi. Saa ya kuzima muziki itangazwe na MC akiwa bado katika sale, ili hata mlevi awe ameisikia.

Na pale ambapo usiku si salama, ihamisheni afta. Jumapili baada ya ibada, kuanzia saa nane ya mchana mpaka saa kumi na mbili, chakula kinapikwa asubuhi hiyohiyo, wazee wanaweza kufika, taa na motari wa usiku havilipwi, na Jumatatu watoto wanaingia darasani bila kusinzia.

Mama mwenye arusi mwezi ujao, katika mkutano wa kwanza wa komite, kabla hawajafika kwenye rangi za nguo, simama uulize: "Sale ikifungwa tunaenda wapi, nani anapokea watu, na kwa franga za nani?" Wakikosa jibu, msifunge mkutano.