Gari limesimama, kipuri bado kiko njiani

Ndugu viongozi wa kambi na familia zilizohama, tunaulizwa: kwa nini pikapu haifiki Walikale, je, tunawapendelea wa Masisi? Hapana. Gari limekufa injekta.

Mazutu ya madumu yanayouzwa kando ya barabara mara nyingi huwa na maji na uchafu. Filta ikizidiwa, pampu na injekta huharibika, na hizo hazitengenezwi kijijini.

Zamani tuliagiza Goma. Mji huo ulipotekwa na M23 Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na Machi vita vikafika Walikale-kati kwenyewe. Njia nyingine ni Kisangani kupitia Lubutu, ila mvua ikinyesha malori hulala matopeni.

Duka likijibu "kimeagizwa", msiridhike. Ulizeni kimelipiwa lini, kimefikia mji gani, na kama namba ya chasisi ilitumwa. Injekta isiyolingana na injini hurudishwa, mkaanza kungoja upya.

Lakini kikao cha upatanisho kisingoje kipuri. Wazee waende kwa pikipiki, idadi sawa kila upande. Upande mmoja ukibebwa na mwingine ukitembea kwa miguu, maneno huanza kabla ya salamu. Habari ya kuchelewa isomwe siku moja, kambini na kijijini, kwa Kiswahili, Kinyanga, Kihunde na Kinyarwanda. Anayeisikia wa mwisho ndiye anayedhani amefichwa.

Gari likipona, dereva atoe maji kwenye filta kila asubuhi, kabla ya kuwasha.