Mipaka ya majina katika JavaScript

MWANAFUNZI mjini Voi anayeunda kwa JavaScript ukurasa wa nauli za matatu za Wundanyi na Taveta anaweza kukuta abiria wa Wundanyi akitozwa nauli ya Taveta. Aghalabu kosa huwa ni la mipaka ya majina.

Chifu ana mamlaka katika lokesheni yake tu. Gavana, kaunti nzima. Vivyo hivyo, jina ‘nauli’ likitangazwa kwa neno ‘let’, lililoongezwa mwaka wa 2015, hukomea ndani ya mabano yanayolizunguka. Likitangazwa nje ya mabano yote, sehemu yoyote ya programu yaweza kulibadilisha.

Maktaba, yaani programu zilizoandikwa tayari na wengine, nazo hugongana hivyo: Prototype ya 2005 na jQuery ya 2006 zote zilitwaa alama ‘$’. Ni busara basi, kabla ya kuazima maktaba, kuchunguza inatwaa majina gani.