KUGAWA KUMBUKUMBU PASIPO KUUVUNJA UMOJA WAKE
Somo la kanzidata kwa mfano wa rejesta za shule za Kagera

Utangulizi

Mada ya kanzidata huonekana ngumu kwa sababu aghalabu hufundishwa kwa istilahi kabla ya mfano. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kila mwalimu anao mfano wake mezani, nao ni rejesta ya shule.

Tuuchukue Mkoa wa Kagera, wenye halmashauri nane: Manispaa ya Bukoba, Bukoba, Muleba, Missenyi, Karagwe, Kyerwa, Ngara na Biharamulo. Tuseme twataka kumbukumbu za wanafunzi wote wa mkoa zitunzwe kwa kompyuta. Tungeweza kuziweka zote Bukoba mjini. Lakini siku mawasiliano yakikatika, ofisi ya Muleba isingeweza kusoma hata orodha ya watoto wake yenyewe. Yafaa basi kila ofisi itunze kipande chake, na vipande vyote vitumike kana kwamba ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo kanzidata iliyosambazwa.

Njia mbili za kugawa

Mwaka 1970 Edgar F. Codd alieleza namna ya kupanga kumbukumbu katika majedwali yenye safu za mlalo na za wima. Jedwali la namna hiyo laweza kukatwa kwa njia mbili.

(a) Mkato wa mlalo. Kila mstari ni mwanafunzi mmoja. Mistari ya wanafunzi wa Muleba huenda Muleba, ya Ngara huenda Ngara. Kumbukumbu za mahudhurio nazo humfuata mwanafunzi wake hapo alipo.

(b) Mkato wa wima. Hapa tunatenganisha habari za mtoto yule yule kwa kadiri ya wanaozitumia. Jina la mzazi na mahudhurio hubaki karibu na shule. Alama za mitihani hukaa kwa wasimamizi wa mitihani. Hapana budi namba ya mwanafunzi iandikwe katika pande zote mbili, kwani ndiyo uzi wa kuunganishia. Jina halitoshi: watoto wawili wenye jina moja wakipoteza namba zao, alama za mmoja zaweza kupewa mwingine.

Kanuni tatu

Mgawanyo ulio sahihi hutimiza masharti matatu. Kwanza, asiachwe mtu: kila mwanafunzi awe katika kipande fulani. Pili, asirudiwe mtu: katika mkato wa mlalo, mwanafunzi awe katika kipande kimoja tu. Tatu, vipande vikiunganishwa, jedwali la awali lipatikane jinsi lilivyokuwa.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Tangu mwaka 2016, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila ada, fedha za ruzuku zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule kwa hesabu ya wanafunzi. Mtoto aliyeandikwa mara mbili huvuta fedha zisizo halali. Aliyesahauliwa huikosesha shule yake haki, na yeye mwenyewe aweza kukosa kuandikishwa mtihani.

Kwa hiyo kigezo cha kukatia kichaguliwe kwa makini. Tukigawa kwa makazi ya mzazi, mtoto aishiye Muleba na kusoma ng'ambo ya mpaka aweza kudaiwa na ofisi mbili, au asidaiwe na yeyote. Tukigawa kwa halmashauri ya shule asomayo, jibu huwa moja tu.

Tena, namba ya mwanafunzi isibebe jina la wilaya ndani yake. Mipaka hubadilika: mwaka 2012 Kyerwa ilitengwa na Karagwe, na Chato ikatoka Kagera kuingia mkoa mpya wa Geita. Namba yenye jina la wilaya ya zamani ingegeuka kuwa ya uongo pasipo mtoto kuhama hata hatua moja.

Uhamisho na nakala

Familia za wavuvi huhamahama kati ya visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire, Ikuza na Goziba, na nchi kavu. Tuseme mtoto anatoka huko kuja shule ya kata ya Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba. Muleba ikimfuta kabla Bukoba haijamwandika, kisha mtandao ukakatika, mtoto hayumo popote. Bukoba ikimwandika kabla Muleba haijamfuta, yumo mara mbili. Dawa yake ni mapatano ya hatua mbili: kwanza ofisi zote huulizwa kama ziko tayari, zote zikikubali, ndipo hutenda, mojawapo ikikataa, hakuna inayotenda.

Hata hivyo, kipande kilicho mahali pamoja chaweza kuangamia. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Karatasi na kompyuta haziko salama kuliko kuta zinazozihifadhi. Kwa hiyo kila kipande kiwe na nakala katika ofisi nyingine, na kila badiliko lifikishwe kwenye nakala pia. Hii haivunji kanuni ya pili, maadamu ijulikane ipi ndiyo nakala na isihesabiwe.

Namna ya kufundisha

Mwalimu aandae kadi 24, kila moja ikiwa na namba, jina, shule na halmashauri. Madawati matatu yawe ofisi: Muleba ipewe kadi 10, Bukoba 8 na Karagwe 6. Wanafunzi wajumlishe na kupata 24. Kisha, pasipo wao kujua, mwalimu aiondoe kadi moja ya Muleba na kuweka Karagwe nakala ya kadi iliyoko Bukoba. Jumla itabaki 24, ilhali mtoto mmoja amepotea na mwingine amerudiwa. Waulizwe: kosa litagunduliwaje? Waachwe wahangaike mpaka watambue kwamba hawana budi kulinganisha namba moja moja. Baada ya hapo wafanye mchezo wa uhamisho, ofisi moja ikinyamaza katikati ya shughuli.

Somo likifika hapo, istilahi zaweza kutajwa, nazo zitaeleweka. Jambo ambalo mwanafunzi apaswa kulishika ni kwamba jumla iliyo sawa si ushahidi kuwa kila mtoto yumo.